Ng'ombe Sebuleni kwa Maximiliana

Nyamizi alikuwa na kawaida ya kuikagua ngitili yake asubuhi, kabla umande haujakauka, na hakuiacha kawaida hiyo hata baada ya watu kujenga nyumba juu yake. Alianzia nyumba ya pembeni, ya Maximiliana. Akapiga hodi, akavua katambuga zake mlangoni, akaingia.

"Mwangaluka, mayu," Maximiliana akamwamkia mama huyo kwa Kisukuma. Alikuwa amepiga magoti anadeki sebule, tambara akilipitisha kati ya mashina ya majani kwa uangalifu.

"Mwangaluka. Mmelalaje?"

"Salama tu. Ila majani yameshafika usawa wa meza. Jana mgeni wangu kapoteza kiatu humu, kaondoka na kimoja."

"Usiyakate."

"Nani kayakata? Nimesogeza kochi tu, maana lilikuwa linayalaza."

Nyamizi akainama kati ya kochi na kabati la vyombo, akashika konzi ya majani, akayasugua na kuyanusa. Yalikuwa mazuri. Yalitoka kwenye saruji bila kuacha ufa, chini mabichi, juu yameanza kugeuka rangi ya chai ya maziwa. Akaingia chumbani, akachungulia uvunguni mwa kitanda, akamkuta kwale amelalia mayai, akamwacha. Kisha akatokea mlango wa jikoni kwenda nyumba ya pili, ya wakala wa pamba, ambaye alikuwa bado amelala na majani yakimpepea kila upande wa chandarua.

Kwa asiyeijua, ngitili ni shamba la majani. Mvua zikianza mwenyewe hulifunga. Ng'ombe haingii, mbuzi haingii, na mtu akipita hupita kando. Linaachwa hivyo mpaka jua la mwezi wa nane na wa tisa, mabua yamekwisha mashambani na ng'ombe wanalamba vumbi, ndipo hufunguliwa, fungu kwa fungu. Halina ukuta wala mlinzi. Tawi la mnyaa likilazwa njiani, kila mtu anajua pamefungwa. Limbu, marehemu mumewe Nyamizi, alirithi ngitili ile kwa baba yake, na siku anakata roho hakuzungumza habari za watoto wala za mazishi. Alisema, "Usifungue kwa huruma. Huruma ndiyo inayomaliza majani." Nyamizi akaitika, na tangu hapo hakuwa amefungua kwa huruma hata mara moja.

Miaka hiyo ilikuwa ya soko huria. Ushirika ulikuwa umelala usingizi wa pono, malori ya wanunuzi wa pamba yakikimbizana kwenye vumbi, kila moja likiahidi bei kuliko jingine, na Bariadi ikaumuka kama unga uliotiwa hamira. Mwenye duka alitaka kiwanja, mwenye mashine ya kusaga alitaka kiwanja, na waliotajirika kwa sangara huko Lamadi walitaka kiwanja mahali pasipo na mbu wa ziwani. Mji ukatoka barabarani, ukaanza kufuata njia za ng'ombe.

Watu wa viwanja walifika kwa Nyamizi mwezi wa pili, mvua ikiwa imepumzika. Aliyewaongoza aliitwa Joakim, kijana wa adabu, mvaa kofia. Wakasimama mbele ya majani yaliyokuwa yamefika kiunoni.

"Mama, eneo hili nani analitumia?"

"Hakuna," Nyamizi akajibu, kifua mbele. "Hata unyayo wa mbuzi hutauona humo."

"Hakuna kabisa?"

"Nitafutie kinyesi kimoja humo ndani, nikupe kuku."

Wenzake Joakim wakaingia, wakatafuta kwa muda, wakatoka mikono mitupu. Joakim akasema basi, hili ni pori, halina mtu. Mawe ya mipaka yakapandwa siku hiyohiyo. Watu walimlaumu Nyamizi baadaye, lakini hakuna hata mmoja kati yao ambaye angejibu vingine. Kumwambia mgeni kwamba ngitili yako inaguswa mwezi wa pili ni kujitukana wewe na waliokuzaa.

Nyumba zikapanda haraka, kama vichuguu. Masika yalipokolea zilikuwa zimeshaezekwa bati, na majani yakaota palepale yalipozoea kuota, sebuleni, vyumbani, jikoni, hata chooni. Fundi aliitwa. Akatazama sakafu, akaigonga kwa nyundo, akasema saruji ni nzuri na mchanga ni wa mtoni, kazi yake haina kasoro, akaenda zake. Wakazi wakazoea kutembea kwa kunyanyua miguu. Nyamizi naye akalaza tawi lake la mnyaa kwenye uchochoro, kati ya nyumba ya Maximiliana na ya wakala wa pamba, akaenda kwenye kamati ya viwanja kudai ardhi yake.

Aliambiwa shauri litasikilizwa mwezi wa kumi.

Mwezi wa saba ukaingia, mkavu. Joakim akaja nyumbani kwake kwa baiskeli, akapewa kigoda na maziwa ya mgando, akayanywa yote ndipo akasema.

"Mama, nimekuja kukushauri kama mwanao."

"Shauri, mwanangu."

"Wewe unadai umenyang'anywa malisho. Sasa ng'ombe wako wakionekana wanakula pale, kamati itauliza umenyang'anywa nini. Kwa hiyo mpaka mwezi wa kumi, asiingie hata mmoja."

"Wataingiaje, milango yenyewe ilivyo myembamba?"

"Majani yamepitaje kwenye saruji?" akasema Joakim, ambaye alikuwa mtu wa kufikiri mbali.

Nyamizi akatazama zizini. "Mwezi wa kumi ng'ombe watakuwa wamekufa."

"Ndiyo maana nimesema nakushauri. Sijasema nakuzuia."

Akashukuru kwa maziwa, akapanda baiskeli yake.

Jua la mwaka ule halikuwa na mchezo. Mabua yalikwisha mapema, kisha majani ya kando ya njia, kisha ng'ombe wakaanza kutafuna vipande vya maboksi vilivyopeperuka kutoka madukani. Shija, mtoto mkubwa wa Nyamizi, aliwapeleka mtoni kufukua mchanga ili wapate maji, akarudi nao jioni wakiyumba. Mwezi wa nane ulipokuwa unakatika, baadhi yao hawakuweza tena kuinuka wenyewe. Kila asubuhi Shija na majirani waliingia zizini, wakapitisha mti chini ya tumbo la ng'ombe, wawili huku, wawili kule, mmoja akishika mkia, wakamnyanyua mpaka miguu yake ikumbuke kazi yake. Na kila asubuhi Nyamizi alitoka kukagua ngitili, akashika majani, akarudi, akasema bado.

"Mama, fungua," Shija akamwambia, jasho likimtoka.

"Nikifungua hatuna kesi."

"Na usipofungua hatuna ng'ombe. Ukishinda hiyo kesi, ngitili utamfungia nani? Kuku?"

"Usinifokee. Baba yako alivumilia kuliko hapa."

"Baba alikuwa anavumilia ya kwake. Wewe unavumilia sebule ya watu."

Nyamizi akageukia zizi. Akachukua kibuyu, akakamua kile kilichopatikana, ambacho hakikufunika hata kitako cha kibuyu.

Siku ya tatu baada ya hapo Maximiliana mwenyewe akaja, amejifunga kanga mbili, akakaa chini na kunyoosha miguu kama mtu wa nyumbani.

"Mayu, fungua basi, nakuomba. Juzi nimeua nyoka kwenye kabati la vikombe. Mume wangu kifua kinambana, halali. Yamefika dirishani, nikipika siuoni mlango."

"Si wewe uliyejenga?"

"Nilinunua, mayu. Nilioneshwa mawe, ngitili sikuoneshwa. Mimi nauza samaki. Wangenionesha maji wakaniambia hayana mwenyewe, ningebisha, maana maji nayajua."

Alikuwa na maneno mazuri, mwanamke yule, na hicho ndicho kilichomsumbua Nyamizi. Alitamani sana kupata mtu mbaya katika jambo hili, amkamate shingo, lakini kila aliyemshika alikuwa na sababu zake na alisalimia vizuri.

Siku iliyofuata walimnyanyua ng'ombe wa maziwa, yule aliyekuja na mahari ya Joyness, binti yao. Wakamsimamisha. Akasimama muda wa mtu kuvuta sigara, akawatazama, akalala tena. Hawakumnyanyua mara ya pili. Shija akaenda kutafuta kisu, akapita mbele ya mama yake bila kumtazama.

Nyamizi akaenda kwenye uchochoro, akaliondoa tawi la mnyaa.

Ng'ombe waliletwa jua likiwa limesimama vizuri, wakitembea kwa kuegemeana. Wa mbele alifika kwenye ukuta wa Maximiliana, hakupunguza mwendo wala hakuongeza, akapita. Wa pili akapita. Ukuta haukutikisika, kalenda iliyotundikwa kwa ndani haikucheza. Shija aliyekuwa akiwaswaga nyuma akagonga paji la uso kwenye tofali.

"Zunguka mlangoni," mama yake akamwambia. "Wewe siyo ng'ombe."

Ndani, Maximiliana alikuwa anakusanya vitambaa vyake vya kufuma kutoka kwenye makochi, haraka haraka.

"Hivi navyo wanakula?"

"Wakikosa majani."

"Basi ngoja na pazia nilifunge fundo."

Nyamizi akakaa ukingoni mwa kochi, fimbo magotini, akiwatazama wanavyokula. Alijua kazi yenyewe iko hapa. Kuingiza ng'ombe kwenye majani hata mlevi anaweza. Kuwatoa kungali na majani, ndipo pana ufundi, maana wakifika kwenye mizizi hayaoti tena. Ng'ombe mwenye njaa hasikii mluzi, lazima ashikwe pembe na kugeuzwa kwa mkono. Majani yalipobaki usawa wa kifundo cha mguu, Nyamizi akainuka, akamshika wa mbele, akamgeuza. Wakatoka wote kupitia ukutani, bado wanatafuna. Yeye na Shija wakatokea mlangoni, wakashukuru.

Alifungua kwa mpango ule aliouacha Limbu. Kwanza sebule ya Maximiliana, kisha vyumba, kisha jiko, kisha nyumba zilizofuata. Wakala wa pamba aliomba wasiingie kwake mchana kwa sababu huwa anajinyoosha, Nyamizi akampangia asubuhi. Hakuna aliyelalamika sana. Mama mmoja wa nyumba ya bondeni alisema ng'ombe ni afadhali kuliko wageni wa mume wake, kwa kuwa wao hawaulizi chakula kiko wapi. Kufikia mwezi wa kumi ng'ombe walikuwa wanainuka wenyewe, mbavu zimeanza kufichika, na maziwa yalikuwa yamepanda kibuyuni.

Kamati ikaja kusikiliza shauri hukohuko kwenye eneo, kama utaratibu ulivyotaka. Kwa kuwa nje jua lilikuwa kali, wakakaribishwa sebuleni kwa Maximiliana. Mwenyekiti wao alikuwa mzee Anatoli, mtu mzito wa mwili, mwepesi wa kucheka. Joakim alikaa pembeni yake, hakumtazama Nyamizi. Ng'ombe walikuwa wanamalizia majani yaliyobaki nyuma ya kabati. Chai ikaletwa.

"Hawa ng'ombe wa nani?" Anatoli akauliza, akinyanyua mguu ili mmoja wao afikie majani yaliyokuwa chini ya kiatu chake.

"Wangu," Nyamizi akajibu.

"Wanakula nini?"

"Majani."

"Ya nani?"

"Yangu."

"Sasa mama, unamlalamikia nani, na kuhusu nini?"

Wakacheka, siyo kwa ubaya. Hata Maximiliana aliyekuwa anamimina chai alitabasamu. Nyamizi akasubiri wamalize.

"Kula siyo kitu," akasema. "Hata panzi anajua kula. Ngitili siyo kula, ni kufunga. Mimi nataka ardhi ambayo nikisema imefungwa, imefungwa, na nikisema tokeni, wanatoka. Mwanangu naye aje aseme hivyo. Nikifa leo, nani atakuja humu ndani kusema basi?"

"Mama, huwezi kuifunga nyumba ya mtu."

"Ndicho nilicholeta mbele yenu."

Anatoli akapuliza chai yake. Aliwatazama wenzake, mmoja mmoja, nao wakaitikia kwa vichwa, maana jambo lilikuwa wazi. Akasema kamati imeona kwa macho yake. Ng'ombe wanapita, majani yanaota, maziwa yanapatikana, hakuna aliyepoteza kitu. Ng'ombe wa mama huyu wameruhusiwa kula katika nyumba hizi daima, na mwenye nyumba asiwazuie, ingawa hata akitaka hawezi. Lakini wakazi nao wana haki ya kukaa kwao kwa utulivu. Kwa hiyo mama mwenyewe, kwa kuwa hana ardhi hapa, asiwe anaingia ingia.

"Na kuwatoa?" Nyamizi akauliza.

"Si wana miguu?" akasema Anatoli, akacheka, akaomba sukari.

Jambo hilo liliwafurahisha wengi mjini. Kama ukuta haumzuii ng'ombe, watu walisema, basi tulikuwa tunahofia bure. Wiki hiyohiyo mawe ya mipaka yakapandwa kwenye ngitili ya Zengo, njia ya Nkololo, halafu kwenye ngitili za jirani zake. Zengo akaja kwa Nyamizi jioni, hata kukaa hakukaa.

"Shemeji, uliwafundishaje?"

"Sikuwafundisha."

"Na wangu watapita?"

"Watapita, nafikiri."

"Basi afadhali," Zengo akasema, akashusha pumzi.

"Zengo. Kupita watapita. Siyo kupita kunakonikalia rohoni."

Lakini mzee alikuwa ameshageuka, anawahi nyumbani kuwapa habari njema.

Mwaka uliofuata mvua zilikuwa za kutosha na majani yakaota vizuri. Maximiliana alikuwa amezungusha ukuta mrefu kuzunguka kiwanja chake, juu amepanda chupa zilizovunjika, na geti la chuma akalipaka rangi ya buluu. Hakuwa na nia mbaya. Mji ulikuwa umekuja na wezi wake, na yeye muda mwingi alikuwa Lamadi kwenye samaki. Wakala wa pamba akajenga ukuta wake, na wa bondeni pia. Asubuhi Nyamizi alitembea uchochoroni, kushoto ukuta, kulia ukuta, akikagua kwa pua.

Mwezi wa tisa akaliondoa tawi la mnyaa. Ng'ombe wakaingia ukutani mmoja baada ya mwingine, mpaka mkia wa mwisho ukapotea kwenye matofali. Nyamizi na Shija wakabaki uchochoroni.

Shija akachuchumaa kwenye kivuli, akawasha sigara. Nyamizi akasimama karibu na ukuta, akasikiliza. Mwanzoni ilikuwa sauti ndefu, ya majani marefu yanayokatwa na ulimi na kung'olewa kwa pamoja. Baadaye sauti ikawa fupi. Alipokadiria majani yamefika usawa wa kifundo cha mguu, akapiga mluzi. Akapiga tena. Akaenda kugonga geti.

"Nani?" ikaitika sauti ya dada wa kazi.

"Ni mimi, mama Shija. Nifungulie niwatoe ng'ombe."

"Mama kasafiri. Kasema nisimfungulie mtu."

"Nawageuza tu, natoka. Hata kiti sikalii."

"Ng'ombe wameruhusiwa, mayu," dada akasema kwa upole. "Waache wale."

"Basi wageuze wewe. Mshike wa mbele pembe."

"Mimi naogopa ng'ombe, mayu."

Nyamizi akarudi kwenye ukuta. Akampigia ng'ombe wa mbele mluzi, ule wake peke yake, ambao Limbu alikuwa anautumia, kisha akamwita kwa jina, kisha akapiga matofali kwa fimbo mpaka fimbo ikapasuka ncha. Upande wa pili walikuwa wanakula. Sauti ikazidi kuwa fupi, kisha ikawa ya kukwaruza, kama mtu anayekomba chungu kwa mwiko.

"Kaa, mama," Shija akasema. "Jua kali."

Hakukaa.

Ng'ombe walitoka wenyewe jua likiwa limeshuka, matumbo yamewatuna pande zote mbili, wakipumua kwa raha. Shija akawahesabu kwa macho, akawapiga piga mgongoni, akacheka peke yake.

"Leo wameshiba kweli."

Nyamizi akamsimamisha wa mbele. Pua yake ilikuwa na udongo mbichi mpaka karibu na macho. Akaifuta kwa ncha ya kanga, akamfungua mdomo, akachomoa kilichokuwa kimenasa kwenye meno. Ulikuwa mzizi, mrefu, mweupe, bado una maji.

"Wameshiba," akakubali. Akawatanguliza njiani, kwa kuwa muda wa kukamua ulikuwa umefika.